Khichdi au rajma, chaas au lassi: uchague jiko la Gujarat au la Punjab?

Wengi wanaotaka kujaribu chakula cha Kihindi kisicho na nyama huanzia kwenye orodha ya mgahawa. Huko wanakutana na mchuzi mzito wa krimu, naan (mkate wa tanuri), paneer (jibini laini) ya kukaanga, viungo kumi na tano kwa sahani moja, na hamu yote inakatika. Majumbani hawapiki hivyo kila siku. Mama wa Rajkot, Gujarat, au wa Ludhiana, Punjab, anayerudi kazini jioni ana sufuria ya presha, tawa, kijaluba cha viungo chenye vikombe vidogo saba, na watoto wenye njaa. Anachopika yeye ndicho ninachotaka tukilinganishe hapa, kwa sababu ndicho kinachowezekana jikoni kwako pia.

Bara Hindi ni kubwa, na upande wa kusini, wenye vyakula kama dosa na sambar, nimeuacha makusudi. Nimechukua majiko mawili ambayo watu wake tumeishi nao: la Gujarat, magharibi mwa India, na la Punjab, kaskazini. Wagujarati na Wakachi (watu wa Kachi, sehemu ya Gujarat) walivuka bahari kwa majahazi ya msimu wa kaskazi kwa karne nyingi, wakafungua maduka Zanzibar, Mombasa na miji mingine ya pwani. Wapunjabi walikuja kwa wingi baadaye, kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901; vibarua walioletwa kutoka India kwa kazi ile walizidi 30,000, wengi wao wa Punjab. Punjab yenyewe iligawanywa 1947, upande mmoja ukawa India na mwingine Pakistani, lakini sufuria zao hazikutengana sana.

Ladha inaanzia wapi

Mgujarati huanza na mafuta ya moto na mbegu za haradali. Anazitia, anafunika, anasikiliza zipasuke, halafu anatia binzari nyembamba, pilipili kavu na chembe ya hing, ule utomvu mkavu uliosagwa wenye harufu kali ambayo hugeuka kuwa tamu ikishaguswa na mafuta. Kazi nzima ni ya dakika moja na wao huiita vaghar. Kisha hufuata jambo linalowashangaza wengi: sukari guru kidogo na ndimu au ukwaju, hata ndani ya dengu na mbaazi. Chumvi, ukali, uchachu na utamu hukaa katika kijiko kimoja. Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini, wengi wao hawali kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, na Wahindu wengi wa madhehebu ya Swaminarayan huacha kitunguu na saumu, kwa hiyo vyakula vingi vya Gujarat vimekamilika bila vitu hivyo. Anayeumwa tumbo kwa kitunguu atapata raha hapa.

Mpunjabi huanza na kitunguu. Anakikaanga mpaka kiwe cha kahawia, anatia tangawizi na saumu, kisha nyanya, na hasogei mpaka mafuta yajitenge pembeni. Giligilani ya unga, binzari nyembamba, manjano, pilipili. Garam masala huja mwishoni. Ukijua kupika mchuzi wa kwetu, nusu ya njia umeshaimaliza. Lakini msingi huo unataka dakika 15 hadi 20 za kusimama jikoni, na ukiuharakisha, mchuzi utanuka nyanya mbichi hata utie viungo gani.

Kwa ununuzi, mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa ndizo toor dal yao, na India hununua mbaazi nyingi kutoka kwetu, zikiwemo za Lindi na Mtwara. Choroko, ambazo Mombasa ni pojo na bara Kenya ni ndengu, zikikobolewa huwa za njano na ndizo moong dal. Unga wa dengu ni uleule wa bajia. Kitu pekee unachoweza kukikosa ni hing. Ukiipata, soma kibandiko, kwani hing ya dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na wapo wasiopaswa kula ngano.

Khichdi na rajma

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, maana hivi ndivyo vyakula ambavyo mtu wa kila upande huvitaja akiulizwa alikula nini nyumbani kwao.

Khichdi ni mchele na choroko za njano zilizopikwa pamoja mpaka zishikane. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa katika karne ya 14 kabla hajafika India, aliandika kwamba watu wa huko hupika choroko na mchele, hula na samli, na hicho ndicho kifungua kinywa chao cha kila siku. Mapishi hayajabadilika sana tangu wakati huo. Chukua kikombe kimoja cha mchele na kimoja cha choroko, uoshe mpaka maji yatakate, uloweke dakika 20 kama una nafasi. Tia vikombe vitano vya maji, nusu kijiko cha chai cha manjano, na chumvi. Kwenye presha ni filimbi tatu au nne, halafu zima moto na uache presha ishuke yenyewe. Sufuria ya kawaida itataka nusu saa au zaidi kidogo, na kikombe kingine cha maji ya moto pembeni. Usitumie mchele wa bei kubwa. Chenga ni nzuri zaidi, zinalainika haraka na kushikana. Juu ya kila sahani weka kijiko kizima cha samli, na usiibanie, kwa sababu khichdi haina kitu kingine cha kuibeba.

Rajma ni maharage mekundu kwenye mchuzi wa kitunguu na nyanya, yanaliwa na wali mweupe. Maharage, nyanya na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika na vilifika India baada ya 1500, kwa hiyo chakula hiki ambacho leo familia za Punjab na Delhi hukipika Jumapili ni kichanga mno ukikiweka kando ya khichdi. Loweka vikombe viwili vya maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya: dakika 25 hadi 30 kwenye presha, au saa moja na nusu kwenye sufuria. Tengeneza msingi wa vitunguu viwili, nyanya nne, saumu na tangawizi kama nilivyoeleza juu. Changanya na maharage pamoja na maji yake, ponda upawa mmoja wa maharage ili mchuzi ushike, uache uchemke taratibu dakika 20 zaidi. Nazi usitie. Maharage ya nazi ni matamu na yana siku yake, lakini hiyo si rajma.

Kuna jambo la usalama ambalo halina mzaha. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili inayoharibu tumbo vibaya kwa kutapika na kuhara. Mchemko mkali, wa mapovu, usiopungua dakika 10 huivunja. Joto la chini haliivunji hata likae saa nyingi. Anayetumia kikapu cha kupikia au jiko la umeme la moto wa polepole lazima ayachemshe kwa nguvu kwanza. Choroko hazina shida hiyo.

Sasa ziweke pamoja. Khichdi unaweza kuiamua saa moja jioni ukaila saa mbili kasoro robo. Rajma lazima uiamue jana. Khichdi inatumia moto kidogo na chombo kimoja, jambo zito kwa anayepikia gesi ya mtungi mdogo au anayeishi chumba kimoja. Rajma inataka vyombo vitatu: cha maharage, cha msingi, cha wali. Kwa upande mwingine, rajma ikilala ndani ya friji kesho yake huwa tamu zaidi, na ukipika nyingi umepata chakula cha siku mbili au tatu. Khichdi ikipoa huganda, utailegeza kwa maji ya moto lakini haitarudi kama ilivyokuwa; na kwa kuwa ni wali, isilale nje ya friji. Mtoto anayeanza kula, mzee, mtu aliyetoka homani: hao wote wape khichdi. Kijana aliyeshinda shambani au uwanjani ataimaliza khichdi na bado atakuuliza chakula kiko wapi. Mpe rajma.

Kwa lishe hazipishani sana. Nafaka peke yake ina upungufu katika protini yake, na jamii ya kunde ina upungufu wa aina nyingine. Zikikutana sahani moja zinajazana. Hilo linafanyika pande zote mbili.

Karhi mbili zisizofanana

Majiko yote mawili hupika mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, na ni hapa tofauti ya tabia zao inaonekana wazi kuliko popote. Karhi ya Gujarat ni nyeupe, nyepesi, ina utamu kidogo, na watu huinywa kwenye bakuli. Kikombe cha mtindi, kijiko kimoja na nusu cha mezani cha unga wa dengu, vikombe viwili vya maji, tangawizi na pilipili mbichi zilizopondwa, chumvi, kipande kidogo cha guru. Vaghar yake ni ya samli, na ndani yake huingia karafuu mbili na kijiti cha mdalasini. Dakika 15 imekwisha. Imwagie juu ya khichdi. Vilikusudiwa kuwa pamoja.

Ya Punjab ni ya njano, nzito, chachu hasa. Mtindi wake uwe umechacha siku mbili tatu, unga wa dengu unaongezwa mara mbili au zaidi, na inachemka taratibu si chini ya dakika 40 ili ladha ya unga mbichi iishe. Mwishoni wanatosa bajia za kitunguu ndani yake, zinanyonya mchuzi na kuvimba. Hicho ni chakula kamili kwa wali, hakihitaji kitu kingine.

Karhi yoyote utakayochagua, changanya unga na mtindi wa baridi kwanza mpaka madonge yaishe, ndipo utie maji na uweke motoni, na usiache kukoroga mpaka ichemke. Ukiacha, mtindi unakatika na hakuna dawa ya kuurudisha. Mimi nachagua ya Gujarat bila kusita kwa siku za kazi. Ile ya Punjab naiona ni chakula cha siku ya mvua, watu wote wakiwa nyumbani na hakuna wa kuharakisha.

Rotli na paratha

Chapati yetu ya Afrika Mashariki, inayopakwa mafuta, ikakunjwa, ikasukumwa tena na kuchomwa kwa mafuta, iko karibu na paratha kuliko rotli. Kwa hiyo anayejua chapati atajifunza paratha mara moja, na rotli itamsumbua.

Rotli ya Gujarat ni nyembamba sana, ya unga wa ngano usiokobolewa, haina chumvi nyingi wala mikunjo. Unga ulainishwe vya kutosha na upumzike dakika 20. Inapikwa kwenye tawa kavu, kisha inawekwa juu ya moto wenyewe kwa sekunde chache ivimbe kama mpira. Kinachoivimbisha ni mvuke ulionaswa ndani, na ndiyo maana rotli iliyosukumwa kwa unene usio sawa au yenye kitundu haivimbi. Ikishuka, ipake samli upande mmoja. Kazi yake ni ngumu kwa mkono mgeni, lakini ni nyepesi tumboni na mafuta yake ni kidogo.

Aloo paratha ya Punjab hujazwa viazi vilivyopondwa, pilipili mbichi, kotmiri na tangawizi, na huliwa asubuhi na mtindi na achari. Siri yake iko kwenye viazi: vichemshwe na maganda, vipoe kabisa kabla ya kupondwa, na chumvi itiwe dakika za mwisho. Viazi vya moto au vyenye maji hupasua unga unaposukuma. Paratha mbili zinamtosha mtu mzima mpaka mchana.

Na kuna mkate mmoja wa Punjab ambao ningependa kila mla ugali aujue: makki di roti, mkate wa unga wa mahindi, unaotandazwa kwa viganja kwa sababu hausukumiki, ukaliwa msimu wa baridi na majani ya haradali yaliyopikwa taratibu mpaka yakapondeka, siagi juu. Majani ya haradali ukiyakosa, sukuma wiki na mchicha pamoja huwa karibu kuliko mchicha peke yake.

Mboga za kando sitazirefusha. Viazi vya Gujarat kwa haradali na manjano ni vya dakika 15. Viazi na koliflawa vya Punjab ni vya nusu saa, na vinaharibika ukitia maji mengi.

Kwa hiyo uanze na lipi

Anayefanya kazi siku nzima, anayepika peke yake, au mwenye moto mmoja, aanze Gujarat: khichdi, karhi nyeupe, viazi vya haradali. Kwa hing, haradali, manjano na binzari nyembamba ameshajitosheleza wiki nzima, na hatachoka upesi kwa sababu guru na ndimu hubadilisha ladha kila siku. Mwenye familia kubwa yenye njaa, au anayetarajia wageni ambao wakikosa nyama wanahisi hawajakirimiwa, aende Punjab. Rajma na paratha hazimwachi mtu akiuliza nyama iko wapi. Na aliye hodari wa maharage asijitese na rotli wiki ya kwanza. Aanze na rajma, khichdi itamfuata.

Usiyeamini mpaka uonje, ukisafiri barabara ya Mombasa na Nairobi simama Makindu. Gurdwara ya pale, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, iliyojengwa 1926, hulisha wapita njia bure, chakula kisicho na nyama, kwa desturi ileile ya langar, mlo wa bure kwa wote, inayofanyika katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar, Punjab. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa na kula dal na chapati pamoja na yeyote aliyeko. Hiyo ndiyo ladha ya nyumbani ya Punjab, bila krimu.

Vya kunywa

Chaas ya Gujarat na lassi ya Punjab zote ni mtindi, lakini kazi zao ni mbili tofauti. Chaas ni sehemu moja ya mtindi kwa mbili au tatu za maji, chumvi, kotmiri, tangawizi kidogo, na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa. Piga kwa mpekecho mpaka itoe povu. Inanyweka wakati wa chakula, kila siku, na katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Muscat mwili unapata maji na chumvi kwa pamoja. Lassi ni mtindi mzito, maji kidogo tu au maziwa baridi, sukari, iliki. Wengine hutia chumvi badala ya sukari, na Punjab hupenda kuiwekea utando wa maziwa juu. Glasi moja ni chakula. Ukiinywa na rajma utalala mchana kutwa. Iweke asubuhi kando ya paratha, au alasiri mbali na mlo.

Mtindi wetu hapa unaingia katika hesabu. Maziwa ya mgando, au mala ya Kenya, ni chachu na mepesi. Kwa chaas yanafaa kama yalivyo, ukipunguza maji. Kwa lassi yachuje kwenye kitambaa safi saa moja au mbili ndani ya friji, la sivyo utaishia kuongeza sukari kuficha uchachu. Mwenye kisukari achague chaas na asirudi nyuma. Mtoto anayekataa chakula apewe lassi, na msimu wa embe iwe na embe.

Maji ya ndimu yapo pande zote. Punjab huyaita shikanjvi na huyatia binzari nyembamba iliyokaangwa na chumvi nyeusi, ambayo hunuka kama yai la kuchemsha lakini mdomoni ni nzuri mno. Gujarat huongeza sukari zaidi. Chagua kwa ulimi wako.

Chai ndiyo kinywaji ambacho majiko haya mawili hayana ugomvi nacho: majani, maziwa, sukari, tangawizi na iliki, vyote vikachemshwa pamoja, karibu sawa na chai yetu ya maziwa. Ugomvi uko kwenye saa ya kuinywa. Asiyekula nyama hupata sehemu kubwa ya madini yake ya chuma kutoka kwenye choroko, mbaazi, maharage na majani, na chuma cha aina hiyo hufyonzwa kwa shida. Chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi, wakati ndimu hukisaidia kuingia mwilini. Akina mama wajawazito na wasichana wanaokua ndio wanaoumia kwanza. Kamulia ndimu juu ya khichdi au rajma ikiwa sahanini tayari, na chai ingoje saa moja.